Stesheni Isiyo na Njia

Mama alinizaa katika nyumba ya stesheni masta, karibu kabisa na jukwaa, na kwa miaka yote ya utoto wangu niliamini kwamba kila mtoto duniani huamshwa na garimoshi. Stesheni yetu ilikuwa ndogo, ya tofali nyekundu na paa la bati, kwenye reli inayotoka Kampala kwenda magharibi hadi Kasese. Wakati huo mahali pale palikuwa kijiji. Ukisimama jukwaani uliona migomba kila upande, na kwa mbali vilima vya mji vikiwa na rangi ya moshi. Leo mji umekuja wenyewe, umeketi juu ya migomba yote, na mgeni anayeuliza stesheni iko wapi huambiwa hakuna stesheni hapa.

Baba alitoka magharibi mwa Kenya akiwa kijana, enzi ambazo reli ilikuwa moja kwa nchi tatu na mtu wa Kisumu aliweza kupangiwa kazi Tabora au Gulu bila kuulizwa pasipoti. Mama alikuwa mtu wa Kibuli, kile kilima cha msikiti mjini Kampala, wa ukoo wa Waislamu waliofika Buganda na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, vizazi vingi nyuma. Alipoolewa na Mkristo wa reli, kwao walimfungia mlango, wote isipokuwa mdogo wake mmoja wa kike, ambaye alipanda treni kwa siri kuja kutuona. Lugha pekee waliyokuwa nayo wazazi wangu kwa pamoja ilikuwa Kiswahili, mama kile cha bibi yake na baba kile cha kazini. Nikakua kati ya hivyo viwili. Nje watoto wenzangu walisema Kiganda na kunicheka, kwa sababu kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na baba kwa kofia yake na vifungo vyake vya shaba alifanana na askari kweli.

Habari za mwanzo za stesheni nilizipata kwake. Alisema ilijengwa kwa ajili ya pamba. Kabla ya jengo kulikuwa na mzani tu chini ya kibanda, na wakulima walikuja na mizigo kichwani kutoka vijiji vya ndani. Stesheni masta wa kwanza alikuwa Mhindi aliyepanda milimau nyuma ya nyumba na kuondoka kabla haijazaa. Baada yake walipita wengine, kisha baba. Nilipoanza kuwa na akili ya kukumbuka, pamba ilikuwa imepungua, lakini kahawa ilijaa, na mabehewa ya shaba kutoka migodi ya Kasese yalipita bila kusimama, mazito kiasi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini. Treni ya abiria ndiyo iliyosimama. Walishuka wanawake wenye magunia ya chumvi ya Ziwa Katwe na samaki wakavu, wakapanda wenye matoke na kuku, na kwa muda mfupi jukwaa letu likawa soko. Kulikuwa na kibanda cha chai, duka la nguo, bucha, na fundi baiskeli. Vyote hivyo viliishi kwa treni.

Jumuiya ya nchi tatu ilipovunjika, Wakenya wengi wa reli walifunga mizigo wakarudi kwao. Baba alibaki. Mimi nilikuwa bado mdogo, lakini baadaye mama alinieleza kwamba yeye ndiye aliyekataa kwenda. Alisema Kibuli wamemfungia mlango, ila angalau anapenda kuishi mahali anapoweza kuuona mlango wenyewe. Vikaja vita, treni zikabeba wanajeshi. Vita vikaisha, treni zikawa chache, zikachelewa, zikapotea wiki nzima. Kibanda cha chai kilifungwa kwanza. Treni ya abiria ilipokoma hakuna aliyetutangazia. Watu walikuja jukwaani na kuku wao, wakakaa hadi jua likawa kali, wakarudi nyumbani. Kesho yake walikuja wachache zaidi. Treni ya mizigo iliendelea kupita mara moja moja, kisha nayo ikakoma.

Baba aliambiwa kwa mdomo asubiri, atakuja mtu kupokea kituo. Alisubiri. Alikuwa na kanuni moja aliyoishika kuliko dini, kwamba stesheni masta haondoki kituoni mpaka wa kumpokea amefika. Mshahara ulikatika, yeye akaendelea kuvaa kofia kila asubuhi na kutembea kando ya reli kukagua mataruma yaliyoshika vyuma.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshatoka. Nilifundisha shule ya msingi Jinja, nilikuwa na chumba changu chenye dirisha la kutazama barabara, na mwanamume mmoja mpole aliyetaka kunioa. Mama alipofariki nilirudi kuzika. Nilikuja na mkoba mdogo wa nguo. Shangazi upande wa baba walikuwa mbali Kenya, na mimi ndimi mtoto pekee, kwa hiyo nilisema nitakaa mpaka baba azoee. Hakuzoea. Hakujua kupika hata chai. Usiku aliniita kwa jina la mama, nami niliitika, kwa sababu kumsahihisha kulichukua muda mrefu zaidi. Nikapata kazi ya kufundisha shule iliyo karibu. Yule mwanamume wa Jinja alikuja kunitembelea, tena akaja, kisha akaacha. Sikumlaumu. Angeniambia nichague, na nisingeweza kumjibu.

Watu wa kwanza kujenga juu ya reli walikuja polepole, kama wanaoingia nyumba ya mgonjwa. Kibanda cha mbao, kisha cha matofali mabichi, kisha kingine kilichoegemea cha kwanza. Walikuwa watu waliokosa mahali pengine. Baba alikwenda kwao kila siku kuwaambia watoke, treni itapita. Aliwapigia filimbi. Walimwita Mzee wa Leli, kwa ulimi wa Kiganda unaobadilisha r kuwa l, na hawakumdhuru, lakini hawakuondoka. Aliyejenga karibu nasi zaidi alikuwa mwanamke mshonaji, mjane mwenye watoto, ambaye chumba chake cha mbele kilikalia reli zote mbili kwa upana. Cherehani yake ililia tangu asubuhi. Baba hakuiita nyumba yake nyumba. Alisema "ule uchafu wa kwenye kona."

Upande wa barabara nao ukafungwa. Tajiri mmoja alinunua uwanja uliokuwa mbele ya stesheni, pale yalipokuwa yakigeukia malori ya kahawa, akajenga nyumba za kupangisha na kuzizungushia ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Upande wa pili, nyuma ya milimau, kulijengwa shule ya watu binafsi, nayo ikaweka ukuta wake. Tulibakiwa na upenyo kati ya ukuta wa tajiri na choo cha majirani. Mwanzoni mtu aliweza kupita na toroli. Kisha tajiri aliongeza ukuta wa pili kuutegemeza wa kwanza, na upenyo ukawa wa kupita mtu mmoja, kwa ubavu, mkoba mkononi juu ya kichwa. Nilijifunza kuvuta pumzi kabla ya kuingia. Nguo zangu zote zilikuwa na alama ya chokaa begani, na wanafunzi wangu walijua.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kulalamika. Alikuwa mtu wa adabu, alinipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama ningependa kesi hiyo ifike juu, maana ikifika juu wataulizwa wote wanaokaa kwenye ardhi ya reli, na sisi tutakuwa wa kwanza. Nikamshukuru, nikarudi kupitia upenyo.

Jioni ile nilikaa jukwaani nikatazama kilichobaki. Ukuta huku, ukuta huku, mbele nyumba ya mshonaji, nyuma vibanda vingine. Juu mbingu, kipande kama shuka. Kabati la mama, kitanda chake cha mninga, meza ya tiketi, vyote vilikuwa vimekwisha kuwa wafungwa. Hakuna ambacho kingeweza kutoka tena kikiwa kizima. Niliwaza kwamba hata mimi nikinenepa kidogo nitabaki humu. Nilicheka peke yangu, halafu sikucheka.

Nilimwambia baba tuondoke. Nilimwambia mara nyingi, kwa maneno tofauti. Yule mama mdogo wa Kibuli, ambaye sasa alikuwa mjane na nyumba yake mwenyewe, alikuwa ameniambia wazi kwamba ana chumba cha uani. Baba alinijibu daima jambo moja, kwamba nani atapokea kituo. Siku moja nilimwambia hakuna kituo. Alinitazama, si kwa hasira, akasema, "Basi mimi nilikuwa nafanya nini hapa?" Sikulirudia neno hilo.

Kilichotuvunja kilikuja siku ya mvua, mchana. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni. Vijana wa kutafuta vyuma chakavu walikuwa wameanza kung'oa reli karibu na ukuta wa shule, na baba aliwasikia, akatoka mbio jukwaani. Saruji ya jukwaa ilikuwa na ukungu wa kijani. Nilisikia kishindo na kisha sauti yake, ndogo, kama ya mtu anayeita mhudumu. Alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umegeukia nje kwa namna ambayo mguu haugeuki. Alipojaribu kuusogeza, uso wake ulipauka. Nilijua ni nyonga.

Majirani walikuja. Wanaume walitaka kumbeba mgongoni, lakini kila walipomwinua alipiga yowe, na yeye hakuwa mtu wa kupiga yowe. Ilibidi alale bapa. Tukaung'oa mlango wa chumba cha tiketi, tukamlaza juu yake, tukamfunika kwa blanketi na nailoni. Ndipo tulipofika kwenye upenyo na kusimama. Mlango ulikuwa mpana kuliko upenyo. Mmoja alishauri tuusimamishe mlango wima, tumfunge kamba. Baba alisikia, akafumba macho. Mwingine alikwenda kugonga geti la tajiri. Mlinzi alisema tajiri mwenyewe yuko safarini, na yeye hana ruhusa ya kufungua ua. Geti la shule lilikuwa ng'ambo kabisa ya ukuta, na ukuta huo usingeweza kuvukwa na mtu aliyelala. Mvua ilinyesha juu ya baba, nami nilimkinga uso kwa viganja. Niliwahi kuota ndoto ya namna hiyo, niko mahali na hakuna mlango, ila ndotoni nilikuwa peke yangu.

Mshonaji alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake muda wote, mikono imekunjwa. Alitembea hadi kwetu, akanishika mkono.

"Nnyabo," akaniambia, yaani bibi kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili chake, "leta mzee. Pitisha kwangu."

Nilimwambia nyumba yake haina mlango wa nyuma.

"Itakuwa nayo," akasema.

Aliwahi mbele. Tulipoingia na baba chumbani mwake, watoto walikuwa wameshasukuma cherehani kwenye kona na kuinua magodoro, na yeye alikuwa amepanda juu ya sanduku akigonga kwa nyundo bati la ukuta wa nyuma. Misumari ilitoka ikilia. Mimi nilishika kona ya mlango upande wa kichwa cha baba, hivyo niliona alichokiona. Reli zilipita katikati ya chumba, zimezibwa kwa udongo uliosagwa laini, ila migongo yake ilikuwa imeachwa wazi, inang'aa kwa kukanyagwa. Juu ya moja alikuwa amepanga masufuria yake. Nguo za wateja zilining'inia darini, magauni ya gomesi ya harusi, sare za shule, moja ikamgusa baba usoni. Nilimsubiri aseme neno lake, uchafu. Alimgeukia yule mama pale juu ya sanduku, akasema kwa sauti ya mtu anayeungua, "Samahani, mama. Tunakuchafulia nyumba."

Bati lilianguka nje. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha mtu mwingine, naye alikuwa ameshaambiwa na alikuwa akifungua. Nyuma yake kibanda cha kuonyeshea mpira, kimejaa wanaume. Walizima sauti, wakasimama, wakabeba mabenchi juu ili tupite. Wengine walipokea pembe za mlango kutoka kwa waliochoka. Tulikwenda hivyo, chumba baada ya chumba, tukifuata reli, harufu ya mafuta ya taa, ya maharage, ya watoto wachanga, mpaka tukatokea barabarani ambako hapo zamani palikuwa na kizuizi cha kuzuia magari treni ikipita. Gari la kukodi lilituchukua hadi hospitali ya Kibuli.

Mama mdogo, niliyempigia simu, alitangulia kufika, kwa sababu alikuwa kwenye kilima hicho hicho. Alikuwa na buibui lake na chupa ya uji. Yeye na baba walikuwa hawajakutana uso kwa uso tangu maziko ya mama. Alimwambia, "Shemeji, sasa utakuja kukaa kwangu, na usinibishie." Baba alikuwa na dawa kichwani, hakubisha. Alifanyiwa upasuaji, akakaa wodini majuma kadhaa, na daktari alipoambiwa tunakokaa alikataa kabisa kumruhusu arudi mahali ambapo hatuwezi kumtoa. Hivyo tukahamia chumba cha uani Kibuli, kwa uamuzi wa daktari, wala si wangu.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko chumba changu cha stesheni. Nililala chini, baba kitandani. Asubuhi aliuliza kama nimefunga chumba cha tiketi. Nilikuwa nimetamani kutoka kwa miaka, na sasa nimetoka, nikajikuta nikikaa kitako kwenye mkeka nikisubiri mtu aniite. Niliweza kwenda popote. Nilitoka hadi bondeni kwenye karakana za magari, nikarudi. Sikujua pa kwenda.

Tulikuwa Kibuli tulipopata habari kwamba reli inasafishwa. Wakazi walipewa muda wa kuhama, kisha tingatinga likapita kuanzia mjini. Sikumwambia baba. Alimsikia mgeni wa mama mdogo akilizungumzia sebuleni, akaniita, akaniomba nimpeleke akaone. Tulingoja apate nguvu za kusimama na magongo, kisha siku ya Ijumaa asubuhi tukakodi gari.

Dereva aliingia kwa njia ya reli yenyewe. Hakuna nyumba. Kulikuwa na udongo mwekundu uliosawazishwa, na reli mbili katikati zimefukuliwa, zenye kutu na matope, zikienda moja kwa moja hadi jukwaani petu. Gari likafika mpaka mbele ya mlango wa chumba cha tiketi, au pale ulipokuwa mlango. Baba alikuwa ameitaka reli iwe wazi hivi tangu kibanda cha kwanza kijengwe. Alishuka, akaegemea magongo, akatazama upande mmoja, akatazama upande wa pili.

"Wamekwenda wapi?" akaniuliza.

Nilimwambia sijui wote. Wengine Kasubi, wengine kwao vijijini. Lakini mmoja tulimwona. Mshonaji alikuwa kwenye kona, ameinama na kanga kiunoni, akitenga matofali mazima na yaliyovunjika. Alisema amepata kibaraza cha kushonea Kalerwe, karibu na soko, na anakuja kuchukua kidogo kidogo. Baba alimwendea. Ilimchukua muda mrefu na hakutaka nimshike. Niliwafuata kwa nyuma.

Alimsalimia, akamuuliza hali ya watoto. Kisha akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa nikikufukuza kila siku."

"Ndiyo, mzee."

"Si mimi niliyewaita hawa wa tingatinga."

Mama yule alijinyoosha, akajifuta mikono. Alisema anajua. Alisema ile filimbi ilikuwa ndiyo saa ya nyumba yake, watoto waliamka nayo kwenda shule, na kule Kalerwe sasa wanachelewa. Alicheka kidogo aliposema hivyo. Baba hakucheka. Akaanza kuinama juu ya magongo yake, nikadhani anaanguka, kumbe anataka kuokota tofali. Hakulifikia. Nililiokota mimi, nikamkabidhi, naye akampa yule mama, na yule mama akalipokea kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo kwa desturi ya Kiganda, akaliweka juu ya mengine.

Baba hakuingia ndani ya stesheni. Nilimuuliza kama anataka kuona kitu chochote, kitanda cha mama, kabati. Sasa vingeweza kutoka. Alisema tutatuma lori siku nyingine, akaniambia, "Twende nyumbani," na nilipomuuliza nyumbani wapi, alionyesha kwa kidevu kule gari lilikotokea.

Tulirudi wakati wa sala. Kuanzia chini ya kilima cha Kibuli watu walikuwa wamejaa barabarani wakipanda kwenda msikitini, kanzu nyeupe kila upande, na dereva alisimamisha gari kwa sababu hakuna pa kupita. Alizima injini, akaniambia tutangoja mpaka watoke. Dirisha lilikuwa wazi, hotuba ilisikika kutoka juu. Baba alisinzia, kichwa chake kikaniangukia begani, kizito, na magongo yakabana mlango upande wangu. Dereva aliniuliza kama ningependa kushuka nitembee, si mbali. Nilimwambia hapana, nitangoja.